Kupandisha jukwaani mchezo unaovunja mazoea: mwongozo kamili kwa vikundi vya maigizo

Mchezo wa kuigiza uliothubutu jambo jipya ni nadra kufa kwa sababu ya upya wake. Unakufa kwa sababu mwigizaji mkuu ameitwa lokesheni kurekodi filamu wiki ya mwisho, jenereta imezima kwenye kilele, kibali kimetolewa kwa andiko ambalo siyo linaloigizwa, au walioketi nyuma hawasikii kitu. Mchezo wa kawaida husamehewa hayo kwa kuwa watazamaji wanaijua hadithi na wanaiunganisha wenyewe. Mchezo mpya hausamehewi. Taa ikizima kwa bahati mbaya, mtazamaji hajui kama ni ajali au ndiyo sanaa yenyewe, na akishaanza kujiuliza hivyo mmeshampoteza. Ndiyo maana mwongozo huu unashikilia jambo moja: upya ubaki kwenye mchezo, na ratiba, fedha, umeme, vibali na mikataba viwe vya kawaida hadi vichoshe.

Hesabu za hapa zinamlenga anayeandaa onyesho Tanzania, katika ukumbi wa watu 100 hadi 200, kwa mchezo wa dakika 90 na waigizaji wanane hadi kumi. Jipeni wiki 14 kabla ya onyesho la kwanza, sita za matayarisho na nane za mazoezi. Mwenye wiki tano tu achague mchezo mwingine.

Andikeni kwa sentensi moja kipi ni kipya

Kabla ya yote, mwandishi na mwongozaji waandike sentensi moja inayotaja kitu kipya katika mchezo huu. Je, ni mada ambayo haisemwi hadharani? Ni umbo, kwa mfano mchezo usio na mwanzo wala mwisho? Ni lugha? Au ni nafasi ya mtazamaji, kwamba ataulizwa, atasimama, atatembea? Mkijikuta mmetaja vitatu kwa pamoja, punguzeni kimoja. Mtazamaji akinyang'anywa hadithi, wahusika na kiti chake kwa usiku mmoja hana pa kushika.

Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyofunguliwa kijijini Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, tarehe 2 Oktoba 1977, inaonyesha namna ya kufanya. Ilikuwa kwa Kikuyu wakati ambapo majukwaa rasmi ya Nairobi yalitawaliwa na Kiingereza. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho, na jukwaa la wazi walilijenga wenyewe, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Lakini kilichoonyeshwa juu yake kilikuwa mali ya watazamaji tayari: nyimbo zao, ngoma zao, posa na harusi, na kisa cha familia yenye ekari moja na nusu na hati iliyotundikwa ukutani. Ebrahim Hussein naye, katika Kinjeketile (1969), aliuliza maswali magumu kupitia Vita vya Maji Maji, tukio ambalo kila mtu alishalisikia. Kwa hiyo chini ya ile sentensi ya kwanza andikeni ya pili, inayosema mtazamaji ataingilia mlango gani anaoujua. Mkiikosa, andiko halijaiva.

Usomaji wa meza, saa mkononi

Ketini waigizaji wote, msome andiko zima kwa sauti bila kuigiza, na mtu mmoja apime muda. Ukurasa wa A4 wenye mazungumzo huchukua kati ya dakika moja na nusu na mbili. Jukwaani huongezeka, kwa sababu ya nyimbo, ukimya na kuingia na kutoka, hivyo zidisheni muda wa usomaji kwa 1.25. Usomaji wa dakika 72 ni onyesho la dakika 90. Ukisoma dakika 100, mna saa mbili na dakika tano, na ukumbi mnaoukodi hadi saa nne usiku hautatosha.

Fanyeni usomaji wa namna hii mara tatu, na kati yake mwandishi akate. Mahali pa kukata hujulikana, ni pale wahusika wanapoeleza maana ya kile kilichoonekana sasa hivi. Waandishi wa michezo ya majaribio huongeza maelezo kwa kuogopa kutoeleweka, na maelezo hayo ndiyo yanayochosha watu.

Kama andiko si lenu, ombeni ruhusa ya maandishi kwa mwandishi au mchapishaji. Ruhusa itaje idadi ya maonyesho, lugha, kiasi cha mabadiliko kinachoruhusiwa na mgawo wa mapato. Mtego wa kawaida uko kwenye tafsiri. Shakespeare hadai kitu, lakini Kiswahili cha Juliasi Kaizari ni kazi ya Nyerere, na tafsiri ina hakimiliki yake. Kama mchezo umetungwa na kikundi kizima kwa kujaribu-jaribu mazoezini, saini makubaliano ya umiliki wiki ya kwanza, kabla haujapata jina wala pesa.

Vibali

Tanzania Bara, michezo ya kuigiza ya hadhara iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu. Usajili wa wasanii na vikundi uko BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Zanzibar mtaenda BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Chini ya hapo kuna afisa utamaduni wa wilaya, ofisi ya serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha eneo, hasa mkiwa nje au mkitumia vipaza sauti. Anzeni na afisa utamaduni, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa na wengine wote kama anawafahamu.

Pelekeni maombi wiki sita kabla, na nakala za andiko zenye kurasa zilizowekwa namba na tarehe kwenye kila ukurasa. Nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua iwe fupi: jina la mchezo, muhtasari wa mistari kumi, tarehe, mahali, idadi ya watazamaji, na simu ya mtu mmoja anayepokea simu. Muhtasari useme kinachotokea, bila maneno kama “unaothubutu” au “haujawahi kuonekana”. Maneno hayo wekeni kwenye bango. Ofisini yanaongeza maswali tu.

Kinachokwama mara nyingi ni tofauti kati ya andiko lililopelekwa na kinacholetwa jukwaani. Mchezo wa majaribio hubadilika mazoezini hadi wiki ya mwisho, na hapo kuna hatari halisi. Dawa yake ni kuweka tarehe ya kufunga andiko, wiki ya tano ya mazoezi. Mabadiliko ya maana yakizidi kurasa mbili, pelekeni kurasa hizo kwa barua ya nyongeza. Kama kuna sehemu ambayo mwigizaji anajibizana na watazamaji, andikeni kwenye andiko mipaka ya majibizano hayo: mada, muda, na namna yanavyofungwa.

Msidhani kibali ni ngao. Ngaahika Ndeenda ilikuwa na leseni, na mamlaka za wilaya ziliiondoa tarehe 16 Novemba 1977, wiki sita baada ya kufunguliwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Lakini andiko lilikuwa limehifadhiwa na kuchapishwa, na Mei 2022 mchezo ukaigizwa Kenya National Theatre. Kwa kikundi kidogo, maana yake ni kwamba siku ya kufungua iwe na nakala za karatasi zote mlangoni, mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kuzungumza na afisa atakayefika, na kifungu kwenye mkataba wa ukumbi kinachosema fedha zinarudije onyesho likisimamishwa.

Maleba nayo hukutana na sheria nje ya ukumbi. Mwigizaji aliyevaa nguo zinazofanana na za jeshi au polisi akitoka kununua maji barabarani, anaweza kukamatwa, na hamtampata kwa sehemu ya pili. Shoneni sare kwa rangi na mkato usiofanana na chochote kilichopo, na zisitoke chumba cha kubadilishia.

Fedha: hesabu kwa ukumbi usiojaa

Chukulieni viti 150, maonyesho manne, tiketi Sh 10,000. Ukijaa kila siku ni viti 600, yaani Sh 6,000,000. Hiyo namba isahauni. Mchezo usiojulikana hesabuni asilimia 55, viti 330. Ondoeni 40 vya wageni na waandishi wa habari, vinabaki 290, sawa na Sh 2,900,000. Bajeti ya matumizi isimame hapo, na ndani yake asilimia 10 hadi 15 isiguswe hadi wiki ya mwisho. Mkihitaji zaidi ya hapo, pengo litafutiwe mfadhili kabla ya mazoezi kuanza. Ahadi ya mdomo ya mfadhili ni sifuri kwenye karatasi.

Kinachosahaulika karibu kila mara ni nauli. Waigizaji tisa, siku nne kwa wiki, kwa wiki nane ni safari 288 za kwenda na kurudi. Zidisheni kwa nauli halisi ya mtaa wenu, na ongezeni usafiri wa usiku kwa wiki ya mwisho, wakati daladala zimepungua na wanawake wanarudi nyumbani saa nne. Tiketi ziuzwe kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, isiwe simu ya mtu. Ugomvi mwingi wa vikundi huanzia hapo.

Ukumbi na umeme

Msikubali ukumbi bila kukaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, pembeni, huku mtu amelala sakafuni jukwaani. Kwenye sakafu bapa, mwigizaji aliyelala au aliyepiga magoti haonekani kuanzia safu ya tatu. Michezo mipya hupenda sana sakafu, hivyo nusu ya watazamaji hukaa wakiangalia visogo. Suluhisho ni mawili. La kwanza ni kuinua jukwaa sentimita 60 hadi 80, kwa fremu ya mbao za 2×4, sapoti kila sentimita 60, na plaiwudi ya milimita 18 juu yake. Fungeni kwa skrubu, maana misumari hulegea ngoma ikichezwa na ubao huanza kulia kila hatua. La pili, la bei nafuu, ni kuzungusha watazamaji pande tatu kwa safu tatu tu: mbele mikeka, kati viti vya plastiki, nyuma mabenchi marefu.

Kisha umeme, ambao ndio unaoua maonyesho mengi kuliko uigizaji mbovu. Soketi ya kawaida ni ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni takriban wati 3,000. Taa nane za jukwaani za aina ya zamani, wati 1,000 kila moja, ni wati 8,000, karibu ampea 35. Mkizichomeka kwenye soketi za chumba kimoja, fyuzi itaruka mara tu taa zote zitakapowaka kwa nguvu zote, na hilo hutokea kwenye kilele. Kodini za LED. Nane za wati 200 ni wati 1,600, ampea saba. Ongezeni wati 800 za spika na mna wati 2,400.

Jenereta ya kVA 5 hutoa takriban kilowati 4, na haifai kuibebesha zaidi ya robo tatu ya hapo, yaani kilowati 3. Inatosha kwa LED na spika, haitoshi kwa taa za zamani. Iwekeni angalau mita 30 nje, nyuma ya ukuta, na mafuta yajazwe kabla watu hawajaingia, kamwe isiwe wakati inanguruma. Rola ya waya ifunguliwe yote hata kama mnahitaji mita tano, kwa sababu ikiwa imeviringwa huku inabeba mzigo hupata joto na plastiki huyeyuka. Waya wa ardhi usikatwe kwa sababu plagi haiingii. Tafuteni plagi inayoingia.

Umeme ukikatika, kuhamia jenereta huchukua muda hata fundi akiwa amesimama pale. Amueni mapema nani anafanya nini gizani. Utaratibu unaofaa ni waigizaji kusimama walipo, mmoja aliyeteuliwa kuanza wimbo uliomo ndani ya mchezo, na meneja wa jukwaa kuwasha taa mbili za kuchaji zilizowekwa pembeni, kulia na kushoto. Lizoezeni hilo mara mbili. Utaratibu huo huo utawafaa mvua ikipiga bati, kwani hakuna koo linaloshinda mabati.

Mkiwa nje, Juni hadi Septemba ndiyo miezi salama Dar es Salaam na Pwani. Epukeni masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba muichukulie kama kamari. Angalieni pia msikiti ulio karibu. Onyesho lililoanza saa moja kasoro litakatwa na adhana ya Isha. Anzeni baada yake, au pangeni mapumziko hapo.

Waigizaji na mazoezi

Saa moja ya mazoezi kwa kila dakika ya onyesho ni kipimo kinachofaa. Wiki nane, siku nne, saa tatu kwa siku ni saa 96 kwa mchezo wa dakika 90. Wiki ya kwanza meza. Ya pili hadi ya nne kupanga miendo, tukio kwa tukio, huku sakafu imewekwa tepu inayoonyesha ukubwa halisi wa jukwaa. Ya tano kufunga andiko, na kuanzia hapo hakuna mwenye karatasi mkononi. Ya sita na ya saba mchezo mzima, kila siku mara moja. Ya nane hamieni ukumbini: siku moja ya taa, moja ya ishara za taa na sauti tu bila mazungumzo kamili, mbili za mchezo mzima na maleba.

Tukio gumu kuliko yote, lile la aibu, la mwili, la dini au la kumtukana mkubwa, lisomeni siku ya kwanza. Vikundi huliahirisha kwa sababu kila mtu analiogopa, matokeo yake mzazi au mume anasikia habari zake wiki ya saba na binti anatolewa kwenye mchezo. Akijua mapema, ama anakubali ama mnatafuta mwingine mkiwa na muda. Mwalikeni mwanafamilia aje kuona mazoezi. Mara nyingi alichokisikia mtaani ni kikubwa kuliko kilichopo.

Mkataba wa kila mwigizaji uwe ukurasa mmoja: tarehe zote, posho, na malipo kwa mafungu matatu, theluthi moja anapoanza, theluthi moja andiko linapofungwa, na salio usiku wa mwisho. Salio lisilolipwa ndilo linalomzuia kukimbilia filamu. Kwa wahusika wawili wakuu wawepo waigizaji wa akiba wanaojua maneno na miendo, na wapewe mazoezi mazima mawili, siyo kuangalia tu.

Halafu kuna kicheko. Watazamaji waliozoea vichekesho hucheka pale panapoumiza, hasa kwa umbo wasilolijua, na mara nyingi ni wasiwasi, wala hawakudharau. Mwigizaji asiyetayarishwa huanza kuharakisha, au vibaya zaidi huanza kuwachekesha, na mchezo unageuka kitu kingine. Mazoezini wekeni watu watano kazi yao iwe kucheka mahali pasipofaa. Mwigizaji ajifunze kusimama, kuvuta pumzi, kuendelea kwa sauti ile ile.

Kitabu cha meneja wa jukwaa

Meneja wa jukwaa ndiye mwenye onyesho kuanzia milango inapofunguliwa, na mwongozaji anatakiwa kukaa kimya. Kazi hiyo asipewe mwigizaji. Kitabu chake ni andiko zima lililobandikwa kurasa za upande mmoja, na upande wa pili ishara zimeandikwa kwa penseli. Mstari mmoja unaonekana hivi:

“14. TAA. Mama: ‘Sitavua.’ Hesabu mbili. Kushoto izime kwa sekunde tano. Kulia ibaki.”

Kinachofanya mstari huo ufanye kazi ni neno la mwisho analosikia mtu wa taa, hesabu, na muda. “Taa zizime taratibu” haitoshi, kwa kuwa taratibu ya Jumamosi si ya Jumapili. Mchezo wa dakika 90 wenye ishara zaidi ya 60 unahitaji watu wawili, wa taa na wa sauti, mbali na meneja.

Kama mchezo wenu una mhusika anayeketi katikati ya watazamaji kisha anainuka kubishana na jukwaa, mlinzi wa mlangoni aonyeshwe uso wake kabla. Asipoonyeshwa atafanya kazi yake, na mtu wenu atatolewa nje kwa kola.

Watazamaji wa kwanza

Kamiriithu mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji waliosimama kutazama walisahihisha lugha na mambo ya maisha yao hadi mchezo ukawa wao. Hamhitaji kwenda mbali hivyo, lakini wiki ya sita leteni watu 20 wasio wasanii: mama lishe wa karibu, bodaboda, walimu, wanafunzi. Baada ya onyesho msiwaulize kama wamependa, watajibu ndiyo kwa heshima. Waombeni wasimulie walichokiona, kuanzia mwanzo. Pale masimulizi yao yanapokwama ndipo mchezo ulipokwama. Wakikwama mahali tofauti-tofauti, acheni. Wote wakikwama pamoja, rekebisheni. Rekebisheni kwa kuongeza tendo au wimbo, na kama njia pekee iliyobaki ni msimulizi wa kueleza, heri lile tukio liondoke.

Kwenye tangazo semeni ukweli: muda, lugha, umri unaofaa, na kama mtazamaji atasimama au kutembea. Tarehe ziwe karibu na mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka, na onyesho la kwanza liwe Alhamisi ili walioona wawe na wikiendi ya kuwaambia wengine.

Usiku wenyewe na asubuhi yake

Waigizaji wafike saa mbili na nusu kabla ya onyesho. Saa moja kabla, meneja apitie zana zote mezani, kila moja ikiwa juu ya alama yake iliyochorwa kwenye karatasi, ili iliyokosekana ionekane mara moja. Milango nusu saa kabla. Kuanza kucheleweshwe dakika kumi tu, kwa kuwa wanaofika kwa wakati hawapaswi kuadhibiwa kwa ajili ya wengine, na wanaochelewa waingizwe kwenye nafasi mbili zilizokwisha kuandikwa kitabuni.

Onyesho la pili huwa dhaifu. Hofu imeisha, usingizi haujatosha, na kila mmoja ameongeza kidogo pale alipopigiwa makofi. Siku hiyo kutaneni saa moja mapema, mwongozaji asome maelezo yasiyozidi kumi, na mpite maneno yote haraka mkiwa mmekaa, bila kuigiza. Dakika zilizozidi zirudishwe. Kama mchezo wa dakika 90 umefika 98, mtu ameanza kunogewa, na kitabu cha meneja kitaonyesha ni kwenye ishara ya ngapi.